Sauti tunazo, miaka ya katikati ndiyo hatuna

Hotuba kwa wanakwaya, walimu wa kwaya na wazazi, Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka! Shikamooni wazee wangu. Baba paroko, wachungaji, walimu wenzangu, wazazi, nanyi wanangu mliovuka jana kutoka Nansio mkalala kwa wenyeji ili muwahi hapa asubuhi, asanteni sana.

Nimepewa nizungumze juu ya vijana wanaochipukia katika uimbaji wa opera. Najua wapo wanaojiuliza, opera na Mwanza wapi na wapi. Ni swali la haki. Nitalijibu, ila naomba nianzie mwaloni.

Mimi nimekulia Kirumba. Aliyekulia Kirumba anaijua alfajiri ya mwaloni. Mitumbwi ya dagaa inarudi, taa bado zinamulika, na kabla hujauona mtumbwi unamsikia mtu aliyemo. Anamwita mchukuzi wake aliye ufukweni. Hapayuki, wala hakazi koo. Anavuta pumzi hadi kiunoni, anafungua kinywa, na jina la mtu linateleza juu ya maji mpaka kwenye mawe tulipokaa sisi watoto. Baadaye nilisoma sababu yake: hewa iliyolala juu ya maji ikiwa baridi kuliko ile ya juu yake, sauti badala ya kupotelea angani hupinda ikarudi chini. Sawa. Lakini ziwa lilikuwa moja na hewa ilikuwa moja, na bado si kila mvuvi alisikika. Wapo waliojitutumua mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na mchukuzi asigeuke. Na yupo mmoja, sasa ni marehemu, ambaye alilitaja jina mara moja tu na ufuko mzima ukainua kichwa.

Mtu kama yule ndiye opera inamtafuta.

Opera ni hadithi inayochezwa jukwaani, na maneno yake yote au karibu yote yanaimbwa. Waitaliano waliianzisha; ile ya Monteverdi iliyoonyeshwa Mantua mwaka 1607 inachezwa mpaka leo. Katika miaka zaidi ya 400 mengi yamebadilika, ila mwimbaji bado anasimama bila maiki. Jumba la Metropolitan Opera pale New York lina viti karibu 3,800. Chini ya jukwaa, ndani ya shimo, wamekaa wapiga ala sitini, themanini, wakati mwingine zaidi. Juu yao amesimama mtu mmoja mwenye koo moja, na aliyekaa kiti cha mwisho ghorofa ya juu kabisa anamsikia.

Mtafiti mmoja wa Sweden, Johan Sundberg, alilipima jambo hili katika miaka ya 1970. Aliona kwamba nguvu kubwa ya okestra iko chini, kwenye mitetemo kama 500 kwa sekunde, na jinsi unavyopanda ndivyo inavyopungua. Mwimbaji aliyefundishwa hukusanya nguvu ya sauti yake huko juu, karibu na mitetemo 3,000, mahali ambapo okestra ni nyepesi na sikio la binadamu ni kali. Anapita penye upenyo. Hasa wanaume na sauti ya pili, ile ya chini ya wanawake, hufanya hivyo; soprano, yaani sauti ya kwanza, akiwa juu kabisa ana njia nyingine, hufungua kinywa na kulilinganisha umbo lake na noti anayoiimba. Walimu wenzangu, hili nawaomba mlikumbuke kila mnapomwambia mtoto “ongeza sauti”. Mara nyingi haongezi sauti, anaongeza koo.

Sauti ya namna hiyo haipatikani kwa mwaka mmoja. Mtu anaweza kumaliza chuo cha muziki ana miaka 23, anajua kusoma nota, ana nyimbo zake vizuri, na bado mwili haujakomaa kubeba nafasi kubwa. Sauti nzito ndizo huchelewa zaidi. Nyingi hukaa sawasawa mwenyewe akishavuka thelathini. Basi kati ya 23 na 30 huyu mtu anakula nini? Anaimba wapi? Nani anamwambia kuwa leo amekosea?

Wenzetu walijiuliza hivyo, wakatafuta jibu. Mwaka 1957, John Crosby alipoanzisha kampuni ya opera kule Santa Fe, jangwani New Mexico, Marekani, aliweka tangu mwanzo nafasi za vijana wanagenzi. Mwaka huo huo San Francisco nao wakaanzisha programu yao, Chicago wakafuata mwaka 1974, New York mwaka 1980. Leo hata kampuni za mikoani, kwenye miji ambayo mtalii hapiti, zina vijana wao kila msimu. Na hizo za mikoani ndizo zinazonivutia mimi, kwa sababu zinafanana na sisi: hazina fedha za kumwaga, kwa hiyo kijana anafanya kila kitu.

Tumfuate siku moja. Kwanza ameingia kwa usaili. Amekuja na nyimbo tano za lugha tofauti. Wa kwanza amechagua mwenyewe, wa pili wamechagua waliokaa mezani. Amepita. Anapewa posho, si kubwa, na pa kulala. Asubuhi yuko chumbani na mpiga piano. Msimfikirie kama mpiga kinanda wetu wa Jumapili, na wala simdharau mpiga kinanda wetu. Huyu anaijua opera nzima, maneno ya kila mhusika, pumzi ya kila mstari, na kazi yake ni kumsimamisha kijana: hapa umeimeza irabu, hapa umeingia kabla hujapumua, rudia. Wanaweza kukaa nusu saa kwenye mistari miwili. Mchana ni lugha, Kiitaliano, Kijerumani, Kifaransa, maana hairuhusiwi kuimba neno usilolijua. Alasiri anafundishwa kutembea jukwaani, kuanguka bila kuumia, kukaa kimya mwenzake akiimba bila kuonekana kama mti. Wiki nyingine wanapakia kinanda cha umeme kwenye gari dogo, wanazunguka shule za msingi, wanawaimbia watoto opera iliyofupishwa.

Jioni anaimba katika kwaya ya opera, au anapewa nafasi ndogo. Mjumbe anayeingia na barua. Mtumishi. Askari wa mlangoni. Sentensi nne, anatoka.

Zaidi ya hapo kuna kazi moja ngumu sana: kujifunza nafasi nzima ya mwimbaji mkuu, noti kwa noti, hatua kwa hatua, kisha kukaa nayo kifuani. Huenda msimu uishe hajaiimba hata mara moja. Lakini mkubwa akiamka na homa, kijana ndiye anayepanda jukwaani usiku huo.

Wanangu, mimi naipenda ile nafasi ya sentensi nne. Kwetu kijana yuko mstari wa nyuma anaitikia, au amekabidhiwa maiki aongoze wimbo mzima mbele ya watu elfu. Katikati hakuna kitu. Hakuna mahali pa kusema sentensi nne, ukakosea moja, ukarekebishwa kesho yake, ukaisema tena.

Na sisi tulikuwa nako huko katikati. Babu yangu, Msukuma wa Magu, alikuwa Mgika. Wazee hapa mnajua Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyokuwa yakishindana baada ya mavuno, uwanjani, ana kwa ana, wakati mmoja. Aliyewavuta watu wengi upande wake ndiye aliyeshinda. Hebu fikirini ningi, mtunzi na kiongozi wa ngoma, anaimba kiangazi kwenye uwanja wa vumbi, mita chache mbele yake ningi mwingine anaimba kumzima, ngoma zinalia pande zote mbili. Hakuna spika. Na wakati wa kulima bugobogobo ilikuwa hivyo hivyo, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo. Babu alinisimulia kwamba kijana aliyetaka kuwa ningi alimfuata mkubwa wake kijiji kwa kijiji, akibeba ngoma, akiitikia. Mkubwa akichoka alimwachia ubeti. Ubeti mmoja. Akiuharibu, mkubwa aliudaka. Nendeni makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, mkazione ngoma zile, na mwezi wa Juni mkaone Bulabo, sherehe ya ngoma za Wasukuma. Kijana wa Santa Fe na kijana wa babu yangu wangeelewana.

Niwape na mfano wa mtu aliye hai. Pretty Yende alizaliwa mwaka 1985 kwenye mji mdogo wa Piet Retief, Afrika Kusini. Akiwa na miaka 16 aliona tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni nyumbani, chini ya tangazo kuna wanawake wawili wanaimba. Hakujua ni kitu gani. Kesho yake akamwuliza mwalimu shuleni, akaambiwa hiyo inaitwa opera. Akasoma Cape Town, halafu akaenda Milano, kwenye akademia ya jumba la La Scala. Mwaka 2011 akashinda mashindano ya Operalia. Januari 2013 jumba la New York lilimwita achukue nafasi ya mwimbaji mwingine, akapewa muda wa kama wiki moja. Usiku wa kwanza, alipokuwa anaingia jukwaani, akajikwaa kwenye ngazi akaanguka. Akainuka akaimba. Mei 2023 aliimba London, siku Mfalme Charles anatawazwa.

Watu wakisimulia habari zake husema kipaji, kipaji. Mimi naona zaidi miaka ile ya Cape Town na Milano, ambayo haina picha za kupendeza. Ndiyo iliyomfanya mtu aliyeanguka kwenye ngazi ainuke na noti yake ikiwa bado mahali pake. Na tusisahau alikotoka: Afrika Kusini waimbaji wengi wa opera wametoka kwenye kwaya, kwaya kama hizi zenu, zinazosoma tonic solfa, nota za do-re-mi, na kushindana.

Sasa niseme jambo lililonikaa moyoni miaka kumi na moja.

Nilikuwa na binti kwenye kwaya yangu. Ana miaka 17, mama yake anakaanga mapanki Igoma. Alikuwa sauti ya kwanza, anasimama nyuma, hasemi. Jioni moja tuko mazoezini umeme ukakatika. Kinanda kikafa, spika zikafa, wengine wakanyamaza kwa mshtuko, na yeye hakusikia kwamba tumenyamaza. Akaendelea. Gizani. Nakumbuka sauti ile ilikuwa haitoki mahali alipokuwa amesimama. Ilikuwa imekijaza chumba chote kwa wakati mmoja, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Hakuna aliyethubutu kuwasha simu.

Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini? Jumapili iliyofuata nilimpa maiki.

Nilimpa misa ya kwanza na misa ya pili. Jumamosi harusi, na mara nyingine harusi mbili. Kipaimara. Usiku tukaenda kurekodi, kwa sababu studio ni nafuu usiku. Nikaona watu wanapiga vigelegele akipanda juu, nikamwambia mpiga kinanda apandishe nusu sauti. Mwezi uliofuata nusu nyingine. Spika ya kwaya ikawa inampigia kelele usoni, naye anakazana ili ajisikie. Sauti ikaanza kukwaruza. Nikampa tangawizi, nikampa asali, nikampa mayai mabichi, kama nilivyofundishwa nami. Mama yake akaniuliza, “Mwalimu, mbona mwanangu akiamka hasemi mpaka saa nne?” Nikamjibu ni vumbi.

Daktari alipomchunguza alikuta vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akanikalisha, akanieleza taratibu. Noti ile ya la ya katikati, ambayo sisi tunaipita bila kuifikiria, nyuzi za sauti hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Nikapiga hesabu hapo hapo kwenye kiti: dakika moja ni mara 26,400. Na do ya juu ya soprano ni zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. “Sasa mwalimu,” akasema, “wewe unamwimbisha saa ngapi kwa wiki?” Akaagiza apumzike miezi mitatu, kisha aanze mazoezi polepole. Nilimrudisha baada ya wiki tano. Kulikuwa na jubilei.

Sauti ile haikurudi. Leo yeye ni mama wa watoto wawili, ana kibanda cha vitambaa Mlango Mmoja, na anaimba sauti ya pili, mstari wa nyuma. Nimekwenda kumwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Akaniambia, “Sema tu mwalimu, wengine wasije wakanyweshwa mayai.”

Nimeiita hotuba hii ya opera, lakini kwa kweli ni yake. Kama angekuwa na miaka miwili ya katikati, na mtu wa kunizuia mimi nisimmalize, leo ningekuwa nawaambia habari nyingine.

Tuna nini hapa nchini? Tuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tuna Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, kinachotoa shahada ya muziki. Zanzibar kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi. Ni vyuo vizuri, na mwenye uwezo wa kwenda aende. Lakini vyote viko mbali na ziwa, na mtoto wa Igoma anafika huko akiwa ameshaimbishwa miaka saba. Jeraha liko hapa, kabla ya chuo.

Sidai jumba la opera. Nawadai walimu wenzangu kitu kidogo na kigumu: kwamba kijana mwenye sauti nzuri tumpe kazi ndogo. Beti moja. Aimbe misa moja kwa siku. Akikwaruza, akae, jubilei itaimbwa na wengine. Mazoezi moja kwa wiki yafanyike bila umeme kwa makusudi, kila mtu ajisikie alivyo. Na afundishwe kusoma nota akiwa amekaa.

Lugha isiwatishe. Silabi za Kiswahili zinaishia kwa irabu, karibu zote, kama Kiitaliano kinavyopenda. Na mtoto aliyelelewa kwa Kisukuma amenyonya irabu saba. Kiitaliano nacho kina saba. Si zile zile zote, lakini sikio lake limeshazoea kutenganisha irabu zinazokaribiana, jambo ambalo wanafunzi wengine duniani wanalilipia ada. Siku moja tutaimba hadithi nzima kwa lugha zetu wenyewe kwenye ufuko huu, mjumbe na barua yake, mtumishi, askari. Naamini hivyo kwa moyo wote.

Wazazi, najua swali lenu: atakula nini? Sitawadanganya. Hata huko Marekani, wengi wanaopita kwenye programu hizi hawawi nyota. Wengine wanakuwa waimbaji wa kwaya za opera, wengine walimu wa sauti, wengine wanaacha. Ninachowaomba si kuacha shule wala kuacha biashara. Ni Jumanne na Jumamosi, na nauli ya daladala. Walimu watatu tumekubaliana, kutoka kwaya tatu na madhehebu mawili. Tutachukua vijana sita, kwa miaka miwili. Nauli ya asiye nayo tutachanga. Hakuna kurekodi, hakuna harusi, hakuna video ya kurusha kwenye simu mpaka miaka miwili iishe. Najua hilo la mwisho ndilo litakalowauma.

Wa kwanza ameshaanza. Yupo humu ndani. Anabeba magunia ya dagaa mwaloni, ana miaka 20, sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume. Nilimsikia akimwita mwenzake kwenye mtumbwi, nikasimama nikamsubiri mpaka alipotua mzigo. Kwa miezi mitano amejifunza wimbo mmoja tu wa Kiitaliano, mistari miwili miwili, na kila neno anajua maana yake. Kuna noti moja juu bado inamsumbua. Leo hataiimba. Ataimba ukurasa wa kwanza, atakaa.

Fundi, naomba uzime spika. Na feni tafadhali, dakika tatu tu, tutavumilia joto. Watoto walio dirishani wakae.

Mwanangu, usije mbele. Simama hapo hapo ulipo.